Safeguard: ulinzi, usalama au kinga?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye shirika dogo la elimu mkoani Dodoma. Mfadhili wetu wa Uingereza ametuletea sera yake ya safeguarding, na mimi nimepewa kazi ya kuiweka katika Kiswahili ili isomwe na walimu, madereva, wapishi na wazazi. Mwenzangu anasema ni 'ulinzi'. Meneja anasema ni 'usalama'. Kamusi inanipa yote mawili na kuongeza 'kinga' na 'hifadhi'. Nikitafuta mtandaoni nakutana na safeguards za sukari ya Kenya, za Benki ya Dunia, mpaka za nyuklia. Hili ni neno moja kweli? Na mimi niandike nini?"

Jibu: Marahaba. Ni neno moja, na hiyo fujo unayoiona ina mpangilio wake. Kamusi imekupa visawe vinne bila kukuambia kipi kinakaa wapi, na hapo ndipo watu wanapotea. Ukiandika "ulinzi" peke yake, mzazi wa Kongwa ataelewa kwamba mnaajiri mlinzi wa geti. Ukiandika "usalama", wapo watakaofikiria polisi, na wapo watakaofikiria Usalama wa Taifa na kunyamaza mkutano mzima. Kwa hiyo kila unapokutana na safeguard, kabla hujatafuta neno la Kiswahili, jiulize: hapa anayezuiwa ni nani? Mara nyingi utakuta si mwizi wa nje. Ni mwenye nguvu mwenyewe: jeshi, serikali, benki, au shirika lako.

Waingereza walilichukua neno hili kwa Wafaransa katika karne ya 14. Sauvegarde imeunganisha "salama" na "ulinzi", lakini moja ya maana zake za mwanzo ilikuwa hati, yaani barua ya mfalme au ya jemadari iliyomweka mtu au mali yake chini ya himaya, asiguswe. Maana hiyo ya kijeshi haijafa mpaka leo. Katika kifungu cha 102 cha sheria ya kijeshi ya Marekani, safeguard ni askari ambao kamanda anawaweka kwenye nyumba au mali ya raia wa upande wa adui ili isiguswe, au ni amri ya maandishi tu iliyobandikwa mlangoni. Mwanajeshi akiivunja, adhabu inaweza kufika kifo. Sasa fikiria karatasi ile mlangoni inamtisha nani. Haimtishi adui, maana nyumba ni ya kwake. Inawaambia askari wa jeshi lile lile lililoibandika: ninyi wenyewe, msiingie.

Kuna maana nyingine iliyokwisha kufa ambayo naipenda. Enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, safeguard ilikuwa pia sketi ya juu ambayo mwanamke aliivaa akipanda farasi ili tope lisiharibu gauni. Dada anayejifunga kanga juu ya nguo ya harusini kabla ya kukaa kwenye bodaboda anafanya jambo lile lile. Tope halijaruka bado, na kanga imeshafungwa. Hiyo ndiyo sifa ya pili ya neno hili: kitu kinawekwa kabla.

Hapo ndipo linapoachana na ndugu yake mkubwa, protection. Protection inaweza kuwa nia tu, au ahadi, na daima inachukulia kwamba mlinzi ni mtu mwema. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, protectorate kwa lugha yao, nchi inayolindwa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za mlinzi huyo huyo zikalipiga mizinga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu aliyekalia kiti hakuwa chaguo lao. Protection ilikuwepo kwa maandishi. Safeguard, kitu cha kumfunga mkono mlinzi mwenyewe, haikuwepo. Ukiikumbuka tofauti hiyo hutachanganya tena maneno haya mawili, hata pale waandishi wa sera wanapoyachanganya wenyewe, na wanayachanganya sana.

Twende kwenye nyuklia, maana huko ndiko wataalamu wametenganisha maneno haya kwa uangalifu kuliko mahali pengine popote. Wana safety, security na safeguards, na ofisi zao huyaita kwa kifupi "S tatu". La kwanza linahusu ajali: mtambo usilipuke, mionzi isivuje. La pili linahusu mtu mbaya: asiibe madini, asihujumu. La tatu linaihusu serikali yenyewe: urani iliyotangazwa kuwa ni ya umeme isigeuzwe kimya kimya kuwa bomu. Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, unazitaka nchi zisizo na silaha hizo zikubali ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao yake Vienna. Anayezuiwa hapo ni nchi ile ile iliyotia saini.

Kazi yenyewe inafanywa na vitu vidogo kuliko unavyodhani. Kimojawapo ni lakiri, kama zile za masanduku ya kura, ila hii ni kifuniko cha chuma kinachokaribia ukubwa wa sarafu. Kabla haijatoka Vienna, upande wake wa ndani huwekwa mikwaruzo na risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa ovyo ovyo, kisha hupigwa picha. Hakuna lakiri mbili zinazofanana. Mkaguzi anapitisha waya kwenye komeo la chombo cha urani, anaifunga lakiri na kuondoka zake. Akirudi anaikata na kuipeleka Vienna, ifunguliwe na kulinganishwa na picha. Haimzuii mtu kufungua chombo, maana koleo la kawaida linatosha kuukata ule waya. Inachozuia ni kufungua halafu ukadai hukufungua. Kwa hiyo anayeandika "ulinzi wa nyuklia" kwa nuclear safeguards anamdanganya msomaji wake bila kukusudia, maana msomaji ataona bunduki na ua wa seng'enge. Mimi huandika "udhibiti na ukaguzi wa nyuklia". Ukifuatilia habari za urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo utakutana na maneno yote matatu, na mengi ya magazeti yetu huyafanya yote kuwa "usalama".

Sukari ya Kenya ni habari nyingine, na hapa mambo yanageuka kidogo. Katika sheria za biashara, safeguard ni ruhusa ya nchi kufunga mlango kwa muda pale bidhaa za nje zinapoingia kwa wingi wa ghafla na kuumiza vibaya viwanda vya ndani. Ilikuwepo kwenye ibara ya 19 ya mkataba wa ushuru na biashara wa 1947, GATT, na mwaka 1995 Shirika la Biashara Duniani likaiwekea masharti yake kamili. Hatua ya dharura isizidi siku 200. Hatua yenyewe miaka 4, na ikiongezwa isizidi 8, ingawa nchi zinazoendelea zinaruhusiwa kufika 10. Tena ilegezwe hatua kwa hatua kadiri muda unavyokwenda. Tofauti yake na ushuru wa kupambana na bidhaa zinazomwagwa sokoni kwa bei ya kutupa ni kwamba hapa hakuna anayeshtakiwa kwa hila. Muuzaji hajafanya kosa. Ameuza sana, basi. Rais George W. Bush aliitumia kwenye chuma mwezi Machi 2002 kwa ushuru uliofika asilimia 30. Shirika la Biashara Duniani likaona haukutimiza masharti, na Desemba 2003 akaufuta.

Kenya nayo iliomba ruhusa kama hiyo kwa wenzake wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili sukari ya nchi hizo isiingie bila ushuru kwa kiasi kisicho na mpaka wakati viwanda vya magharibi ya nchi vikijipanga. Kati ya mambo yaliyotakiwa ni kubinafsisha viwanda vya serikali na kumlipa mkulima kwa utamu wa muwa badala ya uzito wake. Muda ukaisha, ukaongezwa. Ukaisha tena, ukaongezwa tena, ikapita miaka 20. Kwangu hilo ni somo zuri la lugha: safeguard isiyo na tarehe ya mwisho inapoteza jina lake, inakuwa uzio wa kudumu. Kwa maana hii ya biashara andika "hatua za kujihami". Si neno langu, na wanaofuatilia habari za uchumi wanalielewa bila maelezo.

Za Benki ya Dunia zinakuhusu zaidi, maana ndizo zilizozaa nusu ya msamiati uliomo kwenye sera yako. Benki ikikopesha serikali fedha za barabara au bwawa, safeguards ni masharti yanayoubana mradi wenyewe: tathmini ya mazingira ifanyike kabla, mwananchi alipwe fidia kabla ya kuhamishwa, jamii za asili zishirikishwe. Tangu Oktoba 2018 masharti hayo yamewekwa kwenye mfumo mpya wenye viwango 10 na jina la zamani limeondolewa kwenye jalada, ingawa maofisini watu wanaendelea kusema "mtu wa safeguards" kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Lakini kabla ya mfumo huo mpya yalitokea ya Uganda. Barabara ilikuwa inajengwa kwa fedha za benki magharibi ya nchi, kutoka Kamwenge kuelekea Fort Portal. Wafanyakazi wa mkandarasi walituhumiwa kuwaharibu wasichana wadogo wa vijiji vya njiani, wanafunzi, na baadhi yao wakapata mimba. Wanakijiji walilalamika, malalamiko yakafika kwenye jopo la ukaguzi la benki, na Desemba 2015 benki ikafuta fedha za mradi. Masharti yaliyokuwepo yalijua kuhesabu miti iliyokatwa na kupima kiwanja cha mtu. Kijana mwenye mshahara, aliyewekwa kambini karibu na shule, hakuwa na safu yake kwenye fomu. Tangu hapo safeguards za miradi na safeguarding ya watoto, ambazo zilikuwa zinakwenda kila moja na njia yake, zikaanza kukaa kwenye chumba kimoja.

Za utamaduni nitazipitia haraka, maana huko kanuni yangu ya "nani anazuiwa" inalegea. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda, pwani ya Kenya, iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka 2009 mila zinazofanyika ndani ya Kaya hizo hizo zikaingizwa kwenye orodha nyingine, ya urithi unaohitaji safeguarding ya haraka. Msitu unalindwa usikatwe. Mila huwezi kuizungushia uzio. Inaishi pale mzee anapomfundisha kijana, na kijana yuko Mombasa anatafuta kazi. Ndiyo maana mkataba wa UNESCO wa 2003 unahesabu kurithisha na kuhuisha ndani ya neno hilo, si kutunza peke yake. Ukikutana nalo huko, andika "kuhifadhi na kurithisha". Na kwenye kampuni za malipo za Ulaya safeguarding ni kuweka fedha za wateja kwenye akaunti ya pembeni ambayo wadai wa kampuni hawawezi kuichota ikifilisika. Kwa sisi tunaotumia pesa za simu, "akaunti ya amana" inatosha.

Sasa sera yako.

Kwa Waingereza neno hili lilikaa kwenye sheria ya watoto ya 1989, iliyozipa halmashauri wajibu wa kutunza na kuendeleza ustawi wa watoto wenye uhitaji. Kilicholifanya liwe neno la kila siku ni kifo cha Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Côte d'Ivoire, aliyefariki London mwezi Februari 2000 baada ya kuteswa na waliokuwa wakimlea. Mtoto huyo alipita mikononi mwa maofisa ustawi, polisi na madaktari, na kila mmoja aliona kipande chake. Ripoti ya uchunguzi ilitoka 2003, na sheria ya 2004 ikazifunga taasisi zote hizo kwa wajibu mmoja. Tangu hapo Waingereza hutofautisha hivi: child protection ni kumwokoa mtoto ambaye tayari yuko kwenye hatari kubwa, safeguarding ni yote yanayofanywa mapema ili asifike huko.

Mashirika ya misaada yakalichukua neno na kulipa maana kali zaidi. Mwaka 2002 taarifa ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na Save the Children ilieleza madai kwamba wafanyakazi wa misaada nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone walikuwa wakiwatumia watoto wakimbizi kingono, wakibadilishana na chakula na huduma. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka wa kupiga marufuku vitendo hivyo. Halafu Februari 2018 ikafumuka magazetini kashfa ya ngono ya baadhi ya wafanyakazi wa shirika la misaada la Oxfam nchini Haiti baada ya tetemeko la 2010, na wafadhili wakaanza kudai kila mshirika wao, mkubwa kwa mdogo, awe na sera. Hiyo ndiyo njia iliyoileta karatasi mezani kwako Dodoma.

Kama watu wako watakuambia hayo ni mambo ya mbali, watajie Beni na Butembo. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 ulitokea mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama wewe na mimi. Ripoti ya tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, iliyotoka Septemba 2021, ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Wanawake walisimulia jinsi walivyoahidiwa kazi kwa sharti la ngono, au kuachishwa kazi walipokataa. Eneo lile lilikuwa limejaa ulinzi: wanajeshi wa serikali, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, walinzi kwenye mageti ya ofisi. Safeguarding ndiyo iliyokosekana. Kikulacho ki nguoni mwako, na mlinzi wa geti haangalii nguoni.

Kwa hiyo maana utakayoibeba kwa Kiswahili ni hii: shirika linajifunga lenyewe, mapema, ili watumishi wake, wageni wake na namna yake ya kufanya kazi visimuumize mtu. Neno lenye harufu hiyo katika Kiswahili ni "kukinga". Tunalinda kwa macho na kwa kuwepo. Mlinzi akilala, ulinzi umekwisha. Tunakinga kwa kuweka kitu katikati kabla dhara halijafika. Nakubaliana na atakayesema "kinga" ni sahihi zaidi kuliko "ulinzi". Ila usilikimbilie kama nomino, na sababu ni mbili. Ya kwanza, vijana wakisikia "tumia kinga" wanafikiria kondomu, na kwenye mkutano unaozungumzia ngono na watoto hutaki kicheko hicho. Ya pili ni nzito zaidi. Kwenye sheria zetu "kinga" ni kutoshtakiwa: ibara ya 46 ya Katiba ya Tanzania inazungumzia kinga ya Rais dhidi ya mashtaka. Jalada likisomeka "Sera ya Kinga ya Watumishi na Watoto", mzazi makini atauliza kwa nini watumishi wenu hawashtakiwi, na atakuwa ameisoma vizuri tu.

Tumia kitenzi basi, na utaje mtu na dhara. Jina la sera liwe "Sera ya Kuzuia Madhara kwa Watoto na Watu Tunaowahudumia". Ni refu, najua, na meneja atalalamika kwamba halikai kwenye fulana. Lisikae. Ndani ya maandishi, mahali Waingereza walipoandika kwamba shirika linahakikisha safeguarding ya watoto wote, usitafute nomino ya kujaza pengo. Andika: "Hakuna mtoto atakayeumizwa na mtumishi wetu, mgeni wetu, wala na jinsi tunavyofanya kazi zetu." Mpishi atakuelewa, na dereva ataelewa kwamba anazungumziwa yeye.

Cheo cha safeguarding lead ndicho kinacholeta vichekesho. "Kiongozi wa Ulinzi" ni mkuu wa walinzi wa geti, na vijijini anaweza kuonekana mkuu wa mgambo. Andika "msimamizi wa masuala ya madhara na malalamiko". Survivor iwe "manusura" au, kwa lugha ya mkutano, "aliyetendewa". Usiandike "mhanga", maana mhanga ni mtu aliyejitoa. Whistleblower ni "mtoa taarifa", jina linalotumika kwenye sheria yetu ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Zero tolerance nimeiona imeandikwa "uvumilivu sifuri", na aliyeandika hivyo hakuwa anamfikiria msikilizaji yeyote. Sema "hatutavumilia hata mara moja".

Angalia pia mahali sera inaposema mtumishi hataruhusiwa kufanya ngono na mtu wa chini ya miaka 18. Kanuni za pamoja za mashirika ya misaada zinaongeza kwamba hata kama sheria au desturi ya mahali inaruhusu umri mdogo zaidi, haijalishi, na kwamba kudhani mtoto alikuwa mkubwa si utetezi. Watafsiri wengi huilainisha sentensi hii kwa aibu, wakaandika "mahusiano yasiyofaa". Usiilainishe. Andika "ngono", kisha usome mbele ya watu bila kukohoa. Vivyo hivyo marufuku ya kutoa fedha, kazi, chakula au upendeleo ili kupata ngono: ukiandika "unyanyasaji" peke yake, mwalimu anayempa binti daftari na nauli hatajiona humo.

Yale ya kila siku ndiyo yatakayokupima zaidi. Dereva hampakii mtoto mmoja peke yake kwenye gari la ofisi. Mgeni wa mfadhili hapigi picha ya mtoto mwenye sare inayosoma jina la shule kisha kuiweka mtandaoni na jina la kijiji, hata kama mtoto anacheka na mama amekubali, kwa sababu mama aliulizwa mbele ya mwalimu mkuu na hakuwa na nafasi ya kukataa. Anayeomba kazi anapigiwa simu kwa mwajiri wake wa zamani, na anayepiga anauliza waziwazi kama aliwahi kulalamikiwa kuhusu watoto. Kwenye sera ya Kiingereza mambo haya yamezikwa kwenye kiambatisho. Kwenye tafsiri yako una haki ya kumwomba meneja yapandishwe juu, na ningekushauri uombe.

Kuhusu kuliacha neno la Kiingereza, liache kwenye namba ya kumbukumbu ya hati tu, ili mfadhili aipate kwenye mafaili yake. Mkutanoni lisitamkwe. Na mwambie meneja kwamba "usalama" wake haujapotea: utumie kwenye sura ya majengo, vyoo na moto, maana huko ndiko mahali pake.

Mwisho kabisa, "should report" na "must report" kwenye sera hizi si kitu kimoja. Ya kwanza ni "anashauriwa kutoa taarifa", ya pili ni "lazima atoe taarifa", na "anapaswa", ambayo wengi huitumia kwa zote mbili, inamwachia mtu mlango wa nyuma. Baada ya "lazima" taja anakopeleka taarifa: jina la msimamizi na simu yake, afisa ustawi wa jamii wa wilaya, dawati la jinsia na watoto la polisi, na 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Ziwe kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, na nakala nyingine ibandikwe jikoni kwa wapishi.